Kinu cha Morgan Lewis: Historia ya Kinu cha Upepo cha Barbados katika Ramani za Kale

Kinu cha Morgan Lewis, kilichoko katika parokia ya St. Andrew kaskazini-mashariki mwa kisiwa cha Barbados, ni mnara wa mawe wenye umbo la pia iliyokatwa ncha, uliojengwa ili nguvu ya upepo izungushe mtambo wa kukamulia miwa. Parokia, katika kisiwa hicho, ni sehemu ya utawala iliyorithi mipaka ya makanisa ya Kiingereza, na zote ni 11 katika nchi ambayo eneo lake halizidi kilomita za mraba 440. Vinu vya namna hii vilikuwa mamia, na leo karibu vyote vimebaki magofu. Lakini kabla ya kuwa magofu vilikuwa alama katika ramani, na ni katika ramani hizo, zilizochorwa kwa muda wa karne mbili, ndimo historia yao inamoweza kufuatiliwa vizuri zaidi. Ila msomaji hana budi kukumbuka kwamba ramani ya koloni ilikuwa hesabu ya mali, na mchoraji wake aliandika kile ambacho mlipaji alitaka kukiona.

Waingereza walianza kukaa Barbados mwaka 1627, wakalima tumbaku na pamba bila faida kubwa, mpaka katika miaka ya 1640 walipogeukia miwa kwa maarifa yaliyotoka Pernambuco, Brazili, ambako Wareno na kisha Waholanzi walikuwa wameshazoea kazi hiyo. Richard Ligon, Mwingereza aliyekaa kisiwani tangu 1647 hadi 1650, alichapisha mwaka 1657 kitabu cha historia ya Barbados chenye ramani ambayo ni miongoni mwa za kwanza kuchapishwa kuhusu kisiwa hicho. Majina ya wenye mashamba yamepangwa pwani ya magharibi na kusini, huku sehemu za ndani zikiwa karibu tupu, isipokuwa maandishi yanayosema kwamba ekari 10,000 ni mali ya wafanyabiashara wa London, na michoro ya nguruwe na ngamia, kwani ngamia kweli waliletwa kubeba mizigo katika njia mbaya za kisiwa. Kinu alichokieleza Ligon katika kitabu chake hakikuwa cha upepo, bali kiliendeshwa na farasi au maksai waliofungwa kwenye miti mirefu na kuzungushwa mchana kutwa, nao wenyeji wa Barbados walikiita kwa neno la Kihispania, ingenio. Katika ramani hiyohiyo kuna kitu kingine ambacho hakirudi tena katika ramani zilizofuata: mzungu aliyepanda farasi anawafyatulia risasi Waafrika wawili wanaokimbia.

Ramani ya pili inayostahili kutazamwa ni ya Richard Ford, mpima ardhi, iliyotolewa mnamo mwaka 1675. Jina lake refu linaahidi kuonyesha kila parokia na kila shamba pamoja na kila kinu, kiwe cha maji, cha upepo au cha ng'ombe, na kuandika jina la mmiliki wa wakati huo, na kwa kiasi kikubwa ahadi hiyo imetimizwa, kwa kuwa kila aina ya kinu imepewa alama yake. Kwa hiyo mtu anayelinganisha Ligon na Ford anaona mageuzi ya miaka chini ya 30: nafasi tupu za ndani zimejaa mashamba, na matanga ya vinu vya upepo yameenea kisiwa kizima. Ford alikuwa mfuasi wa Marafiki, yaani dhehebu lilelile la Kikristo ambalo baadaye lilipata waumini wengi magharibi mwa Kenya, na kwa kuwa Marafiki wa wakati huo hawakuyatambua makanisa ya serikali wala hawakukubali vita, aliacha kuchora makanisa na ngome. Gavana Jonathan Atkins alilalamika kwa wakubwa wake London kwamba ramani hiyo ina kasoro kwa sababu hiyo. Lalamiko hilo lina haki yake upande wa ulinzi, lakini kwa mwanahistoria kasoro ya Ford imegeuka faida, kwani ametuachia ramani ambamo kinu ndicho jengo kuu la nchi, jambo ambalo lilikuwa kweli.

Sababu ya kinu cha upepo kushinda kile cha ng'ombe ilikuwa katika hali ya hewa. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki amezoea upepo unaobadilika kwa misimu, kaskazi kisha kusi. Barbados, iliyo mashariki zaidi ya safu ya visiwa vya jirani, hupata upepo kutoka mashariki karibu mwaka mzima, bila mlima mkubwa wa kuuzuia. Mnara ulijengwa kwa mawe ya chokaa ya matumbawe, na juu yake likawekwa paa la mbao linaloweza kugeuzwa. Kutoka kwenye paa hilo uliteremka mti mrefu hadi karibu na ardhi, unaoitwa mkia, ambao watu waliusukuma ili matanga manne yaelekee upepo. Matanga yalizungusha mhimili wa juu, mhimili huo ukakamatana kwa magurudumu ya meno na nguzo ya wima iliyoshuka katikati ya mnara, na nguzo hiyo ikazungusha rola tatu zilizosimama wima, zikiwa zimevikwa chuma: ile ya kati iliendesha mbili za pembeni, muwa ukapita upande mmoja na kurudishwa upande wa pili, ukakamuliwa mara mbili.

Maji ya miwa yalitiririka katika mfereji hadi nyumba ya kuchemshia, ambako yaliwekwa chokaa ili uchafu ujitenge, kisha yakahamishwa kutoka sufuria kubwa ya shaba hadi ndogo zaidi, mpaka yakaganda kuwa sukari ya kahawia. Uji mzito uliochuruzika, unaoitwa molasi, ulitumika kupika pombe ya ramu, na makapi ya miwa yalikaushwa kuwa kuni. Kwa vile muwa uliokatwa huanza kuchacha baada ya muda mfupi, kazi haikusubiri: upepo ukivuma usiku, watu walilisha kinu usiku. Waliolisha mara nyingi walikuwa wanawake, na kwa kuwa kinu cha upepo hakikuweza kusimamishwa ghafla kama maksai wanavyosimamishwa, mkono ulionaswa na rola ulivutwa pamoja na mwili. Waandishi wa karne ya 18 wanataja shoka lililowekwa karibu ili kuukata.

Katika miaka 1717 hadi 1721 William Mayo alipima kisiwa upya, na ramani yake ikachongwa na kuchapishwa London na John Senex mwaka 1722, ikiwa na vielelezo vya mji wa Bridgetown na wa Chuo cha Codrington. Mayo, ambaye baadaye alihamia Virginia na kushiriki katika kupima mpaka wa koloni hiyo na North Carolina, alikuwa mpimaji mwenye nidhamu kuliko Ford. Alirudisha makanisa na ngome bila kuviacha vinu, akatenganisha hata mashamba yenye kinu kimoja na yenye viwili, kwa sababu idadi ya vinu ilikuwa kipimo cha utajiri ambacho kila mkopeshaji wa London alikielewa. Mapokeo ya kisiwa hukitaja kinu cha Morgan Lewis kuwa kilijengwa mnamo mwaka 1727, yaani miaka michache tu baada ya upimaji wa Mayo, na jina lake limetokana na mwenye shamba wa zamani. Mahali pake panaeleza chaguo la wajenzi: ni mteremko ulio wazi juu ya pwani ya mashariki, ambako upepo wa bahari hufika kabla ya kuguswa na kitu chochote.

Watu walioviendesha vinu hivyo hawamo katika ramani za Ford na Mayo. Sheria ya watumwa ya mwaka 1661 ilikuwa imewafanya Waafrika kuwa mali, na mali ya namna hiyo haikuwa na alama katika karatasi, ingawa ndiyo iliyokuwa na thamani kuliko mawe na shaba. Katika Pasaka ya mwaka 1816 walijitokeza kwa njia nyingine, katika maasi yanayohusishwa na mtumwa aitwaye Bussa, ambapo mashamba ya miwa yalichomwa katika parokia kadhaa. Utumwa ulipofutwa mwaka 1834 walihesabiwa takriban 83,000, na fidia ililipwa kwa wamiliki, si kwao. Uhuru kamili ulicheleweshwa hadi Agosti 1838 kwa mpango wa uanagenzi uliowalazimisha kuendelea kufanya kazi kwa mabwana walewale.

Robert Schomburgk, mzaliwa wa Ujerumani aliyekuwa amekwishapima Guyana, alitoa ramani na historia ya Barbados katika miaka ya 1840, wakati vinu vya upepo vilikuwa takriban 500. Mvuke ulikuwa umeanza kuenea katika visiwa vingine, lakini Barbados iliuchelewesha kwa miongo mingi, kwa sababu mashamba yake yalikuwa madogo, vibarua walilipwa ujira mdogo na upepo haukuwa na bei. Sukari ya viazisukari vya Ulaya iliposhusha bei ya dunia katika miaka ya 1880, wenye mashamba walikosa fedha za mitambo mipya, na hivyo umaskini wa wamiliki ndio uliovihifadhi vinu. Baadaye viwanda vikubwa vya pamoja vilichukua miwa ya mashamba mengi, kimoja baada ya kingine, minara ikavuliwa matanga na mawe yake mengi yakabaki yakiitwa kuta za kinu.

Cha Morgan Lewis kilikuwa cha mwisho, nacho kiliacha kukamua miwa katikati ya miaka ya 1940. Mwaka 1962 mwenye shamba alikikabidhi kwa Shirika la Urithi la Barbados, mwaka 1996 kikaorodheshwa miongoni mwa majengo ya dunia yaliyo hatarini, mitambo yake ikafunguliwa mwaka uliofuata kwa matengenezo, na mwaka 1999 matanga yakazunguka tena na miwa ikakamuliwa mbele ya umma. Katika Karibi kinachoweza kulinganishwa nacho ni kinu cha Betty's Hope, kisiwani Antigua, kilichokarabatiwa miaka michache kabla yake. Noti ya dola 2 ya Barbados iliyotolewa mwaka 2013 ina upande wa mbele sura ya John Redman Bovell, ambaye mwaka 1888 alithibitisha pamoja na J. B. Harrison kwamba muwa huzaa mbegu zinazoota, na upande wa nyuma ina picha ya kinu cha Morgan Lewis, bila mtu yeyote mlangoni.