Kongwa: Mji Usiojua Kujipamba

Kumtembeza mgeni wa kigeni Kongwa ni kazi. Kilimanjaro hauhitaji msemaji, Ngorongoro nayo hivyo hivyo. Lakini ukikata kona pale Mbande, ukaiacha barabara kuu ya Dodoma, unakutana na vichaka, mibuyu, ng'ombe na vumbi jekundu, na huko kusini milima ya Kiboriani ambayo hakuna anayelipia kuipanda. Mgeni atauliza: hapa kuna nini? Mimi ningemjibu kwamba swali hilo si geni hapa. Karibu kila jambo kubwa lililoipata Kongwa lilianza na mtu wa mbali kuitazama akaona pako patupu.

Mwaka 1946 Uingereza ilikuwa imetoka vitani na mafuta ya kula yalikuwa ya mgao. Frank Samuel, bosi wa kampuni ya United Africa, akaja na wazo la kulima karanga Afrika Mashariki kwa mashine. Serikali ikamtuma John Wakefield, aliyewahi kuongoza idara ya kilimo Tanganyika, akague ardhi. Ujumbe wake ulizunguka kwa wiki tisa, mara nyingi ukiwa angani. Ukiwa kwenye ndege, Ugogo, nchi ya Wagogo ambamo Kongwa imo, ni tambarare ya kupendeza. Walioishi chini walikuwa bado wanaikumbuka Mtunya, njaa iliyowaua Wagogo wengi mno mwishoni mwa vita vya kwanza vya dunia, na walijua mvua ya huku haina ahadi. Ndiyo maana walishikilia uwele, mtama na mifugo. Sidhani kama waliulizwa kwa dhati.

Mpango ulitaka ekari zaidi ya milioni 3 na pauni milioni 25, na Kongwa ndipo ulipoanzia, mwaka 1947. Yakaletwa makatapila yaliyosalia vitani, na hata vifaru vya Sherman vikageuzwa matrekta. Vichaka vikayashinda. Mizizi ilipinda majembe ya trekta, na mchanga wenye chembe ngumu ukayala makali yake kama tupa. Kiangazi kilipoingia, udongo ulikauka ukawa sakafu: karanga ziko chini, na kuzing'oa hakuwezekani. Januari 1951 London ikakubali yaishe, pauni milioni 36 zikiwa zimeteketea. Nachingwea na Urambo, walikokimbilia baadaye, hakukuokoa kitu.

Yalibaki majengo, na hapo ndipo hadithi inaponinogea zaidi. Kwanza ikaingia shule ya watoto wa Kizungu, iliyohamia Iringa mwishoni mwa miaka ya hamsini. Kisha, kuanzia 1964, Tanzania ikawapa wapigania uhuru eneo jirani na stesheni ya reli iliyokuwa imeachwa tangu enzi za karanga. FRELIMO ya Msumbiji walitangulia, na Samora Machel akaiongoza kambi yao. Wakafuata ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia, ZAPU ya Zimbabwe na MPLA ya Angola. Chris Hani wa ANC aliishi hapa. Wapiganaji wa SWAPO waliotoka Kongwa walikuwa miongoni mwa waliokabiliana na majeshi ya Afrika Kusini pale Omugulugwombashe, kaskazini mwa Namibia, tarehe 26 Agosti 1966.

Kwa nini Kongwa? Ni mbali na mipaka ya maadui, mbali na macho ya Dar es Salaam iliyojaa wapelelezi, na hakuna mtalii aliyekuwa na sababu ya kupita. Upweke uleule ulioponza karanga ukawa ngome. Kwa vijana wa kambini haukuwa raha: wengi walisubiri miaka kabla ya kupelekwa vitani, wakilima na kufanya kwata, na manung'uniko hayakukosekana. Mwongozaji anayeificha sehemu hiyo anamdanganya mgeni.

Baadhi yao hawakuondoka, na makaburi yao yapo. Wageni kutoka Namibia na Afrika Kusini huja kuyatazama, na hao hawaulizi Kongwa kuna nini. Kwa wengine, ushauri wangu ni kuanzia sokoni Kibaigwa, wilaya hiyohiyo, kando ya barabara kuu, malori yanapopakia mahindi ya wakulima wadogo. Mgeni aone kwanza kwamba ardhi hii inalimika kwa mwenye kuijua, ndipo apelekwe kwenye magofu ya waliokuja na vifaru.