Saini ya mama mwenye nyumba

Nilikuwa nyumbani Kibara, kule Mwibara, wilaya ya Bunda, na safari hii sikwenda kula sato tu. Kaka yangu mwalimu na mkewe muuguzi walikuwa wananunua nyumba yao ya kwanza baada ya kupanga kwa miaka 9, wakaniita niwe shahidi. Nikadhani ni kazi ya nusu saa: unasaini, unakunywa soda, unaondoka.

Ilikuwa Ijumaa. Fedha zilikuwa tayari: mkopo wa saccos, akiba ya shemeji, na ng'ombe wawili wa baba waliouzwa mnadani. Majirani walishapita mpakani, mnyaa kwa mnyaa, wakakubaliana. Mwenyekiti wa kitongoji kakaa chini ya mwembe na daftari lake. Mzee muuzaji kavaa shati la Jumapili. Ndipo shemeji, ambaye kwa kawaida si mtu wa maneno, akauliza: "Baba, na mama yuko wapi?"

Mzee akacheka. "Mama yuko jikoni, mwanangu. Haya tutayamaliza sisi."

Shemeji akafunga mkoba wenye fedha. "Basi tutamsubiri."

Kaka alinitazama kana kwamba ni mimi niliyemtuma mkewe. Namwelewa. Mwenye nyumba wao alishawapa notisi ya mwisho wa mwezi, na vyumba vyao vilishapata mpangaji mwingine. Kulikuwa na mnunuzi wa pili pia, mfanyabiashara wa dagaa, aliyekuwa anapitapita na pikipiki. Tangu ofisi za Halmashauri ya Wilaya ya Bunda zihamie Kibara, viwanja huku vimepanda bei na watu wanaangaliana kwa macho makali.

Sasa tuache kidogo pale chini ya mwembe. Lile swali la shemeji lina historia ndefu kuliko nilivyofikiri.

Kwanza, ni nani anayeuza nini? Mwaka 1895 Wajerumani walitoa amri iliyoifanya ardhi yote "isiyo na mwenyewe" kuwa mali ya dola yao, na asiye na karatasi alikuwa na kazi ya kuthibitisha kwamba yeye ndiye mwenyewe. Waingereza wakaja na sheria yao ya mwaka 1923: ardhi yote ni ya umma chini ya Gavana. Mwaka 1928 wakaongeza kwamba na mwananchi anayekaa kwa mila ana haki ya kukaa. Mwaka 1958 Nyerere, mtoto wa hapo hapo Butiama, aliandika "Mali ya Taifa" akipinga ardhi kugeuzwa bidhaa ya kumilikiwa moja kwa moja. Baada ya uhuru akatekeleza. Mwaka 1963 umilikaji wa milele ukafutwa na kugeuzwa upangaji wa miaka 99 kutoka serikalini, na mwaka 1969 upangaji huo nao ukageuzwa hati za kumiliki za muda maalumu.

Matokeo yake kwa miaka mingi ardhi tupu haikuhesabiwa kuwa na bei. Kilichouzwa kisheria ni maendelezo: nyumba, kisima, miti. Watu walijua wanachonunua, ila karatasi ilisema miembe. Ni Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji za mwaka 1999, zilizoanza kazi tarehe 1 Mei 2001, zilizotamka waziwazi kwamba haki katika ardhi ina thamani. Zilikuja baada ya tume ya Profesa Issa Shivji iliyoundwa mwaka 1991, ingawa Shivji mwenyewe hakuridhika na kilichotoka mwishoni.

Kiwanja cha mzee wetu kina kisa chake. Alikigawiwa mwaka 1974 wakati wa Operesheni Vijiji, watu walipohamishwa kutoka kwenye miji ya babu zao. Alipewa eneo ambalo pengine lilikuwa la mtu mwingine, na la kwake likaenda kwa mwingine. Miaka ya themanini nchi ilijaa kesi za waliorudi kudai. Mwaka 1992 Bunge lilipitisha sheria ya kufuta haki za zamani bila fidia, lakini mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya familia ya Lohay Akonaay, ikasema hapana: haki ya kimila nayo ni mali inayolindwa na Katiba. Baadaye sheria ya 1999 ikahalalisha ugawaji wa kijiji uliofanyika kati ya 1970 na 1977. Kwa hiyo mzee yuko salama. Kaka alipumua niliposema hivyo.

Mambo ya benki nayapita haraka. Benki ya Nyumba Tanzania ilianza mwaka 1973 na ikafa mwaka 1995, na sheria ya mikopo ya nyumba ya mwaka 2008 imewafaa zaidi wenye hati miliki. Kwa nyumba ya tofali za kuchoma yenye karatasi ya daftari, benki yako ni saccos na ng'ombe wa baba.

Turudi kwa mama aliyeko jikoni. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema, katika kifungu cha 59, kwamba nyumba ya wanandoa haiuzwi, haiwekwi rehani wala kutolewa zawadi bila ridhaa ya mwenzi, hata kama imeandikwa jina la mmoja. Fikiria, 1971! Mwaka 1983 ikaja kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu. Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Nyalali ikasema kazi za nyumbani nazo ni mchango katika kupatikana kwa mali. Bi Hawa mwenyewe hakuambulia mgawo wa ile nyumba, lakini wanawake wengi walioachika baada yake walisimamia juu ya jina lake. Mwaka 1990, Mahakama Kuu Mwanza, Jaji Mwalusanya alikubali kwamba Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya, ana haki ya kuuza shamba alilorithi kwa baba yake hata kama ukoo unapinga. Na sheria ya 1999 ikamgeukia mnunuzi: ni wajibu wake kuuliza kama mwenzi wa muuzaji ameridhia.

Kwa maneno mengine, shemeji hakuwa anamsumbua mzee. Alikuwa analinda fedha zake.

Mama alitoka jikoni baada ya kama saa nzima, akijifuta mikono kwenye kanga. Akaelezwa. Akasema taratibu, "Mimi sijaambiwa kwamba nahama."

Basi. Siku ile iliishia hapo. Mfanyabiashara wa dagaa alipita tena na pikipiki yake. Usiku kaka na shemeji hawakusemeshana, nami nililala sebuleni nikijifanya sisikii.

Jumamosi na Jumapili wazee wa ukoo wakakaa. Kumbe mzee alitaka wahamie Mwanza kwa kijana wao, na mama hakuwa tayari kwenda kuwa mgeni wa mkwe wake. Yeye ndiye aliyebeba maji ya kufyatulia tofali za nyumba ile, akiwa na mimba ya kijana huyo huyo. Wakaafikiana kwamba sehemu ya fedha ijenge vyumba viwili kwenye kiwanja kingine hapo Kibara, na fedha hiyo akabidhiwe yeye mkononi.

Jumanne tukarudi chini ya mwembe. Mwenyekiti akamsogezea mama kidau cha wino. Akakisukuma pembeni. Alisoma elimu ya watu wazima, akasema, dole gumba ni la mtu asiyejua kuandika. Akaandika majina yake matatu, pole pole, herufi zote kubwa.

Kisha mwenyekiti akauliza jina la mnunuzi. Kaka akataja lake.

"Na langu," akasema shemeji.

Kwenye daftari kulikuwa na mstari mmoja tu wa mnunuzi. Mwenyekiti akachukua kiberiti mfukoni, akakilaza kwenye karatasi, akapiga mstari wa pili.