Picha ya Babu na Nyumba ya Kuuza

Dalali alivua viatu mlangoni, akamwamkia shangazi shikamoo, akakaa kwenye kochi na kuanza kuzungusha macho. Hakutazama paa wala nyufa. Alitazama kuta. Ilikuwa nyumba ya babu, Ngamiani, Tanga, na ukoo ulikuwa umekubaliana, baada ya vikao visivyohesabika, kwamba iuzwe warithi wagawane. "Nyumba nzuri, mama," akasema mwishowe. "Tatizo mmeijaza nyinyi wenyewe."

Alimaanisha picha ya babu na kofia yake iliyodariziwa. Alimaanisha Ayatul Kursi kwenye fremu ya dhahabu, kabati la vyombo lenye glasi ambazo hakuna aliyewahi kuzinywea, vitambaa vya kufuma vya makochi, picha zetu za mahafali, na kalenda ya mwaka 2009 ambayo hata mimi sijui ilibaki kwa nini. Vitolewe vyote, kuta zipakwe rangi nyeupe, ndipo aje kupiga picha za kurusha WhatsApp. "Hata aya?" shangazi akauliza. "Mteja anaweza kuwa wa dini yoyote, mama." Shangazi hakujibu. Alinyanyuka akaenda jikoni, na wanaomjua wanaelewa kwamba huko ndiko kukasirika kwenyewe.

Mimi nilibaki na swali la kikazi: kijana huyu wa Tanga amejifunza wapi haya? Maana hakuwa anabuni. Alikuwa anasoma, neno kwa neno karibu, kitabu cha sheria kilichoandikwa mbali sana na Ngamiani, na chenye historia ndefu kuliko nilivyodhani.

Kuonyesha nyumba isiyo na mwenyewe ni biashara ya karne iliyopita. Mwaka 1908 gazeti la Daily Mail la London lilifungua maonyesho ya "nyumba bora" katika ukumbi wa Olympia. Watu walilipa kiingilio ili watembee ndani ya vyumba ambavyo hakuna aliyelala humo, wakatazama vitanda, majiko na mapazia. Gazeti lilikuwa linatafuta matangazo ya biashara, basi. Lakini wazo lilishika: kwamba mtu hanunui kuta, ananunua maisha anayojiona akiishi ndani yake, na maisha hayo lazima mtu mwingine ayapange kabla hajafika.

Baada ya Vita Kuu ya Pili wazo hilo liligeuzwa kiwanda. Katika mashamba ya viazi ya Long Island, jirani na New York, kampuni ya Levitt ilijenga kuanzia mwaka 1947 zaidi ya nyumba 17,000, zinazofanana kama mayai, kwa ajili ya askari waliorudi na wake zao. Mwanzoni zilipangishwa, kisha mwaka 1949 zikaanza kuuzwa kwa dola 7,990. Watu walipanga foleni siku kadhaa. Nyumba ya mfano ilikuwa na fenicha, na toleo la mwaka 1950 lilikuja na televisheni iliyojengewa ukutani kabisa. Mnunuzi aliingia kwenye sebule iliyopangwa, akajiona, akatia saini.

Alichotia saini nacho kina habari yake. Mikataba ya mwanzo ya Levittown ilikataza nyumba kukaliwa na mtu yeyote asiye Mzungu. Mtumishi wa ndani ndiye aliyeruhusiwa. Mwaka 1948 Mahakama Kuu ya Marekani ilisema mahakama za nchi haziwezi kutekeleza vifungu vya aina hiyo, lakini Levitt aliendelea kutowauzia Weusi. Mwaka 1957, katika Levittown nyingine iliyojengwa Pennsylvania, William na Daisy Myers walipohamia na watoto wao, familia ya kwanza ya Weusi mahali pale, makundi ya watu yalikusanyika nje ya nyumba yao usiku baada ya usiku na mawe yakarushwa. Naomba msomaji aikumbuke sebule ile ya mfano, maana tutarudi kwake. Ilikuwa tupu, lakini haikuwa tupu kwa ajili ya kila mtu.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha Moscow, Julai 1959. Marekani ilipeleka maonyesho yake katika bustani ya Sokolniki, na kati ya vitu ilivyobeba ilikuwa nyumba nzima ya mtaa wa kawaida, imepasuliwa katikati na kuwekewa njia ili umati upite ukitazama vyumba kushoto na kulia. Fenicha zilitoka duka la Macy's. Jiko lilikuwa la General Electric, la rangi ya limau. Ni mbele ya jiko hilo Makamu wa Rais Richard Nixon na Nikita Khrushchev walipobishana, mbele ya kamera, kuhusu mfumo gani unamtunza binadamu vizuri zaidi. Nixon alidai kwamba mfanyakazi wa kiwanda cha chuma anaweza kununua nyumba kama hiyo kwa dola 14,000. Khrushchev alijibu kwamba nyumba za Wamarekani hujengwa zidumu miaka 20 tu ili wajenzi wauze mpya. Vyombo vya habari vya Kisovieti vilicheka: kusema hii ni nyumba ya mfanyakazi wa Marekani, viliandika, ni kama kusema Taj Mahal ni nyumba ya mfanyakazi wa kiwanda cha nguo wa Bombay.

Fikiria kidogo. Dola mbili kubwa zenye mabomu ya nyuklia zinagombana kuhusu sebule iliyopambwa. Na hakuna mtu aliyekuwa akiishi mle. Ndiyo maana iliweza kubeba hoja nzito namna ile: ukimweka mtu halisi ndani, na madeni yake na sufuria yake iliyoungua, hoja inakufa.

Hadi hapo waliokuwa wakipamba ni wajenzi na serikali, na nyumba ilikuwa mpya. Kumwambia mtu wa kawaida avue nyumba yake anayoishi, hilo linatajwa kuanzia mwaka 1972 na mwanamke mmoja wa Bellevue, jirani na Seattle. Barb Schwarz alikuwa amefundisha shule, akafanya kazi ya kupamba nyumba, ndipo akawa wakala wa kuuza. Shida yake ilikuwa ya heshima zaidi kuliko ya fenicha. Utamwambiaje mama wa watu kwamba sebule yake inafukuza wanunuzi, bila kumtukana? Schwarz alikuwa na uzoefu wa tamthilia, akaazima neno la huko: jukwaa, au steji kama tunavyosema mtaani. Hatukosoi nyumba yako, mama. Tunaandaa jukwaa. Mnunuzi ndiye mtazamaji.

Nakiri ni ujanja wa lugha ninaouvulia kofia. Dalali wetu angelijua hilo, shangazi asingekwenda jikoni.

Kutokana na neno hilo ilijengwa kazi kamili, na baadaye kozi, vyeti na chama. Sheria zake hazijabadilika sana: punguza vitu, safisha, paka rangi isiyo na tabia, ondoa harufu, na juu ya yote ondoa chochote kinachosema nani anaishi hapa. Picha za familia, vikombe vya ushindi, msalaba, msahafu, bendera ya timu. Nani hajui kwamba unavyoishi ndani ya nyumba na unavyoiuza ni mambo mawili? Lakini mpaka hapo hakuna aliyekuwa ameigeuza kuwa amri.

Wakati nao ulisaidia. Oktoba 1981 riba ya mkopo wa nyumba wa miaka 30 nchini Marekani ilipita asilimia 18, na katika soko la namna hiyo kila muuzaji anatafuta dawa. Mwaka 1998 Mmarekani Ann Maurice aliipeleka dawa hiyo kwenye televisheni ya Uingereza katika kipindi cha House Doctor cha Channel 5, akiwaambia Waingereza bila haya kwamba nyumba zao zinanuka mbwa. Walimpenda kwa hilo. Baada ya mwaka 2000 vipindi vya namna hiyo vikawa vingi, na msamiati ukasambaa hadi kwa watu wasio na nyumba ya kuuza.

Kisha soko la nyumba la Marekani likaanguka, 2007 na 2008, na mitaa ikajaa nyumba tupu. Hapo palishamiri jambo ambalo sikuliamini nilipolisoma mara ya kwanza. Nyumba tupu haiuziki vizuri, kwa hiyo kuna kampuni, za Florida zikiwemo, zinazotafuta familia zenye fenicha nzuri lakini zilizokwama kimaisha, zikaziweka ndani ya majumba ya kifahari yanayouzwa. Familia inalipa kodi ndogo. Masharti ni kwamba nyumba ikae saa zote kama hakuna anayeishi: kitanda kimetandikwa, sinki ni kavu, na mteja akija wao watoke. Nyumba ikiuzwa, wanahamia nyingine. Yaani mtu amekuwa pambo la nyumba, na pambo zuri ni lile lisiloonekana.

Je, inasaidia? Wenye kazi hii wanaapa kwamba ndiyo, na takwimu wanazozitoa mara nyingi zinatokana na kuwauliza mawakala wenyewe. Mwaka 2015 Mark Lane, Michael Seiler na Vicky Seiler walichapisha katika jarida la Journal of Housing Research jaribio ambalo wanunuzi walionyeshwa nyumba ileile ikiwa na rangi na fenicha tofauti. Waliiona iliyopambwa kuwa inakalika vizuri zaidi. Bei waliyokuwa tayari kuitoa haikupanda kwa kiasi cha maana. Inawezekana upambaji unaharakisha mauzo, hilo ni jambo jingine. Lakini lile la "utaongeza mamilioni" lisikukoseshe usingizi.

Ila ipo hali moja ambayo kuondoa picha ukutani kuliambatana na tofauti ya bei isiyo na ubishi, na ndiyo iliyonirudisha Levittown.

Marin City, California, ni mtaa uliozaliwa wakati wa vita, mwaka 1942, kwa ajili ya wafanyakazi wa kiwanda cha meli, wakiwemo Weusi kutoka Kusini. Vita vilipokwisha, Wazungu waliweza kuhamia miji ya jirani. Weusi walibaki kwa sababu huko kwingine hawakuuziwa wala kupangishiwa. Mwaka 2020 wenzi Weusi wa mtaa huo, walioikarabati nyumba yao kwa gharama kubwa, walitaka kubadili mkopo wao, na mthamini akaitathmini nyumba dola 995,000. Wiki chache baadaye alikuja mthamini mwingine. Safari hii waliondoa picha zao na sanaa yenye asili ya Afrika, wakamwomba rafiki Mzungu alete picha za familia yake mwenyewe, naye akampokea mgeni mlangoni kama mwenye nyumba. Thamani: dola 1,482,500. Kuta zilezile, paa lilelile. Walishtaki mwaka 2021, na kesi ikamalizwa kwa makubaliano 2023.

Kisa hicho si cha pekee. Familia nyingine za Weusi nchini Marekani zimesimulia habari inayofanana. Na ukiangalia walichofanya, ni kanuni za Schwarz: ondoa picha, ondoa vya kwenu, mgeni asijue nani anaishi hapa. Tofauti ni kwamba picha za rafiki yao Mzungu ziliruhusiwa kubaki. Siku zote tunaambiwa ukuta mtupu hauna upande, ni wa kila mtu. Ukuta wa Marin City unasema hapana. Rangi "isiyo na tabia" ina mwenyewe, na anajulikana tangu sebule ya Long Island.

Simlaumu dalali. Pwani hii nasi tunajua kuonyesha nyumba: harusi ikikaribia tunaazima mazulia na vyombo kwa majirani, na zidaka za nyumba za mawe za Lamu hazikuchongwa ili zikae tupu. Lakini pambo letu lilikuwa la kusema sisi ni nani. Hili la kupamba kwa kujifuta ni geni, na nadhani ndilo lililompeleka shangazi jikoni, ingawa yeye angesema alikwenda kuangalia chai.

Mwishowe tulikubali nusu. Vitambaa na kalenda vilitoka, picha za mahafali nazo. Ukuta ulipakwa nyeupe makopo mawili. Aya ilibaki, kwa kuwa shangazi alisema anayeiogopa asinunue. Picha ya babu aliishusha mwenyewe, akaifunga kwenye kanga na kuiweka mvunguni mwa kitanda. Dalali alipiga picha 14, zikapendeza kweli, na kwa muda nilidhani alikuwa na haki.

Mnunuzi alikuja mwezi wa pili. Alisimama barabarani na futi kamba, akapima upana wa kiwanja kutoka nguzo ya umeme hadi ukuta wa jirani, akauliza hati iko jina la nani. Shangazi alimkaribisha ndani mara mbili. Alisema ahsante mama, hakuna haja, na hakuingia. Nyumba ilivunjwa kabla ya mvua za masika.

Picha ya babu sasa iko Dar es Salaam, kwa shangazi, kwenye chumba cha kupanga. Mwenye nyumba wake amemkataza kupiga misumari ukutani, kwa hiyo ameiegemeza juu ya friji.