Ziwa Tanganyika: ongezeko la joto na hali ya maji

Ziwa Tanganyika, linalopakana na Tanzania, Burundi, Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, lina kina cha mita 1,470. Duniani ni Baikal tu linalolizidi. Maji yake yamekaa kwa matabaka. Ya juu ni ya vuguvugu na yana oksijeni. Ya chini ni baridi kidogo, mazito, na hayana oksijeni hata chembe. Mpaka kati yao uko kwenye mita 100 hivi upande wa kaskazini, na karibu 200 kusini. Mabaki ya viumbe vinavyokufa juu huzama na kuozea chini, kwa hiyo rutuba ya ziwa imelala gizani.

Kinachoipandisha ni upepo wa kusi. Kati ya Mei na Septemba huyasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na ya chini hupanda kushika nafasi yake upande wa kusini, karibu na Mpulungu nchini Zambia. Hapo mwani hustawi, wadudu wadogo wa majini wakaula, dagaa wakawala wadudu, na migebuka wakawala dagaa.

Maji ya juu yanapozidi kupata joto huwa mepesi zaidi, na kusi hushindwa kuyachanganya na ya chini kama zamani. Mwaka 2003 mtafiti Catherine O'Reilly na wenzake walikadiria kuwa uzalishaji wa mwani umeshuka kwa asilimia 20 hivi, upungufu unaoweza kushusha mavuno ya samaki kwa asilimia 30. Kwa hiyo maji maangavu ambayo wageni huyasifu yanaweza kuwa dalili ya njaa ya dagaa. Mwaka 2016 mtafiti Andrew Cohen na wenzake, wakichunguza mashapo ya sakafuni, walionyesha kuwa samaki walianza kupungua kabla uvuvi wa kibiashara haujashika kasi katika miaka ya 1950. Tanzania ilisimamisha uvuvi ziwani kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 ili samaki wazaliane, hatua yenye maana. Lakini kumtwika mvuvi wa Kigoma lawama yote si haki.

Ufukweni adha ni nyingine. Mvua kubwa hukokota udongo kutoka milima iliyofyekwa na kufukia miamba wanakolisha samaki wadogo. Ziwa lilipofurika mwaka 2024, maji yaliingia katika mitaa ya Bujumbura nchini Burundi na Uvira nchini Kongo, yakazoa uchafu wa vyoo vya shimo hadi ziwani, ambako familia nyingi huchota maji ya kunywa. Uvira ni mji ambao kipindupindu huurudia mara kwa mara.