Dogo wa namba 195

Wadau, ubishi wa dogo yupi mkali haukuanzia vijiweni kwetu. Mwaka 2010 Pittsburgh Steelers, timu ya futiboli ya Marekani, ilichagua madogo wawili wa kukimbia pembeni na kudaka pasi. Mmoja alichukuliwa wa 82, mwenzake wa 195, yaani mkiani kabisa. Ungeweka hela kwa nani?

Msimu wa 2015 huyo wa mkiani alidaka pasi 136. Kesi imeisha? Ngoja kwanza. Wa 82 alishahamia Denver, na Januari 2016 Denver ikaitoa Pittsburgh 23-16, wa 195 akiwa nje kwa kugongwa kichwa mechi iliyotangulia. Februari, wa 82 akabeba ubingwa.

Mimi bado namchukua wa 195. Pasi 136, jamani! Bisheni hapo chini.