Urithi Mmoja, Wadai Wawili: Barghash na Salme mbele ya Berlin

Barua za watawala wa Unguja tumezoea kuzisoma kama ushahidi wa matukio. Ni nadra kuzisoma kama matini zenye hoja zake. Naomba tuitazame hivyo telegramu ambayo Seyyid Barghash bin Said alimpelekea Kaizari Wilhelm I wa Ujerumani mwezi Aprili 1885.

Tarehe 27 Februari mwaka huo, Kaizari alikuwa ametia saini hati ya kuziweka Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami chini ya himaya yake, kwa nguvu ya mikataba aliyoikusanya Karl Peters mwishoni mwa 1884. Barghash alipinga. Alitaja vituo vyake vya askari, akasema kuwa wakuu waliotia saini hawakuwa na mamlaka ya kuitoa nchi. Hoja aliyoitilia mkazo, hata hivyo, ni ya mirathi: nchi hizo ni zetu tangu zama za baba zetu.

Bismarck hakuijibu hoja hiyo. Aliitafutia mdai mwingine.

Salme binti Said, dadaye Barghash, aliondoka Unguja mwaka 1866 akaolewa na Mjerumani, akaitwa Emily Ruete. Kwa miaka mingi alidai fungu lake la urithi katika ukoo wa baba yao, Seyyid Said, aliyefariki mwaka 1856. Agosti 1885 manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya kasri, naye Salme akaletwa katika msafara huohuo. Dai la dada likawa silaha dhidi ya dai la kaka, na yote mawili yalisimama juu ya baba mmoja. Na tusisahau kuwa mwaka 1859, Barghash alipotaka kumpindua ndugu yao Majid, aliyemwandikia barua za njama alikuwa Salme huyuhuyu, msichana aliyejifunza kuandika kwa siri.

Barghash alisalimu amri mwezi huohuo. Mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya 1886 yalimwachia, huku bara, ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10. Nyuma ya ukanda huo, nchi iliyo kusini ya mpaka mpya ikahesabiwa ya Wajerumani, Unyaturu na Mgori yake ikiwamo, ambako hapakuwa na mfalme wa kuandika barua ya kupinga.

Salme naye, Berlin ilipokwisha kupata iliyoyataka, alirudi Ujerumani bila urithi wake.