Vattel, Emer de (1714–1767)

Mwanafalsafa na mwanadiplomasia mzaliwa wa Couvet, Neuchâtel, eneo ambalo leo limo Uswisi. Sifa yake imesimama juu ya kitabu kimoja, Le Droit des gens (Sheria ya Mataifa), cha mwaka 1758, na sehemu kubwa ya hoja zake aliichota kwa Mjerumani Christian Wolff. Ila Wolff aliandika kwa Kilatini kizito; Vattel, mtumishi wa mtawala wa Saxony, alitumia Kifaransa, lugha ya mabalozi wa zama hizo. Tena aling'oa nguzo moja: wazo la Wolff kwamba mataifa yote ni raia wa dola kuu iliyo juu yao. Ushawishi wake ulitokana hasa na alichokiondoa. Pasipo dola kuu, kila taifa lilikuwa bwana nyumbani kwake, na jamhuri ndogo ikawa sawa na ufalme wenye nguvu, kama mbilikimo alivyo mtu sawa na pandikizi la mtu.

Waasi wa Amerika walikihitaji kitabu hicho hasa. Desemba 1775 Benjamin Franklin alimshukuru Charles Dumas kwa nakala alizoletewa, akieleza kuwa wajumbe wa Kongresi walikuwa hawakiachi kitabu hicho. Oktoba 1789 Rais George Washington aliazima nakala katika maktaba moja ya New York na hakuirudisha. Nakala ya kuifidia ilipelekwa mwaka 2010.

Mwaka 1795 Immanuel Kant alimkejeli Vattel pamoja na wenzake: wafalme huwataja wakitafuta sababu ya kupigana, wala hakuna aliyeacha vita kwa ajili yao. Lawama hiyo ina uzito, kwa kuwa Vattel aliiachia kila dola ihukumu kesi yake yenyewe. Lakini kinga ya mabalozi na haki za wasiofungamana na upande wowote vitani zilipata kwake maelezo ambayo dola dhaifu ziliweza kuyashika, na usawa wa dola umo katika ibara ya 2 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1945.

Kigumu zaidi kumtetea ni suala la ardhi. Alidai kwamba watu wanaohamahama bila kulima hawawezi kuzuia wengine wasitwae sehemu ya nchi yao. Ni kweli aliwasifu Wapuritani na William Penn kwa kununua ardhi kwa wenyeji, lakini walowezi waliona faida zaidi katika lile dai la kwanza. Mahakama Kuu ya Australia, katika kesi ya Mabo ya mwaka 1992, ilimtaja ilipokuwa ikikataa nadharia kwamba bara hilo halikuwa na mwenyewe.